Ubao wa Magoli

Jana amezikwa Machano Kidoto, Mwanakwerekwe,
na udongo haujakauka mikononi mwa watu
goli likaongezeka.

Ndivyo ilivyo timu ya magongo ya Vuga:
akifa mmoja wao, mchezo ule na Tanga
hupata goli jipya.
Alipokufa Furtado fundi cherehani, walisema mbili.
Hitima ya Sabri, tatu.
Jana, nyuma ya pazia, nakosha vikombe vya kahawa,
nikasikia tano.
Tano! Na ya sita, eti, refa aliikataa.

Nilikuwa na miaka tisa. Ubao ulikuwa wangu:
kipande cha mlango mkuukuu, baba kakipaka masizi,
na chaki ya kuibia skuli.
Jua la kaskazi lilipasua mistari ya chokaa.
Mnazi Mmoja yote imetoa chumvi ya bamvua
kama mgongo wa shati la mchukuzi,
na mpira unaruka unavyotaka wenyewe.

Acha niwataje nilivyowaona.

Ussi Kizibo, golini.
Pedi zake magunia ya karafuu, ndani kajaza usumba,
akitembea kama kitanda kilichoamka.
Watoto tulimpigia makofi:
*Kizibo hakizibuki, ulete na bisibisi!*

Furtado alishona jezi zote kumi na moja
kwa pazia la sinema lililoungua pembeni.
Mchezo wake ulikuwa sindano tupu:
anaingia, anatoka,
kitambaa hakijui kimechomwa.

Sabri, mtoto wa Kingazija, alizaliwa wa shoto,
na gongo la shoto halitengenezwi duniani.
Akacheza kwa kulia.
Akagombana kwa shoto.

Na Machano.
Miguu miembamba, magoti yote makovu.
Gongo lake la mpera alilipinda mwenyewe
juu ya mvuke wa sufuria ya mama yake,
wali ukaungua, akapigwa kwa gongo hilo hilo.
Usiku wa kuamkia mchezo alilipaka mafuta ya nazi,
akalilaza upande wa ukutani, lisianguke.

Tanga walitangulia. Hilo hakuna anayelitaja siku hizi.
Kizibo aliukinga mpira kwa mkono mtupu,
nikasikia vidole vikilia kama kuni mbichi,
nao ukapita.
Hakutoka. Alivifunga kwa leso ya mtu, akarudi langoni.

Zimebaki dakika ngapi sijui, saa alikuwa nayo refa.
Machano kaupata mpira upande wa makaburini.
Kampita wa kwanza. Wa pili kamkwatua,
akaanguka kifudifudi,
na pale pale chini, shavu kwenye chumvi,
akaupiga.

Ulikwenda polepole.
Polepole hata nikauona uzi wa mshono
ukizunguka, ukizunguka,
mpaka ukapenya baina ya viatu vya kipa
kama paka anayerudi nyumbani.

Nikaandika. Mkono ulinitetemeka,
ile moja yetu ikatoka imepinda
mfano wa gongo lenyewe.

Ubao ninao. Uko uvunguni, umefunikwa kanga.
Sijaufuta.

Leo asubuhi kaja kijana wa chama, daftari mkononi.
Wanataka kuchonga jiwe, walibandike ukutani,
majina, mwaka, na magoli.
Kaja na Kizibo, ndiye aliyebaki peke yake,
kakalishwa barazani kama mzigo wa watu.

“Bi Kazija, wewe ndiwe uliyekuwa na chaki.
Ilikuwa ngapi kwa ngapi?”

Kizibo hakunitazama.
Alitazama vidole vyake viwili
visivyokunjika tangu siku ile.

Nikasema: andika majina, mwanangu.
Yaandike makubwa, na la Furtado usilikosee.
Ama magoli,
mvua ilinyesha siku ile.
Chaki ilifutika.